Kosa Likae Upande Gani

Katika gari ambalo mtu ameliunda mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani kwake, kitu cha mwisho kukaa sawa huwa ni geji ya mafuta. Injini itawaka, breki zitashika, taa zitapita ukaguzi, na rangi itang'aa mpaka majirani watoke nje kutazama. Lakini mshale wa mafuta utasema tangi limejaa wakati limebaki nusu, au utalala kwenye herufi E ilhali gari limetoka sheli sasa hivi. Wenye magari hayo wengi huuzoea uongo huo wakaishi nao. Mimi nawasifu wale wachache wasiokubali kuuzoea, kwa sababu kazi wanayoifanya ili mshale ule useme kweli ni miongoni mwa kazi safi kabisa za mikono ninazozijua, na ni nadra kusikia mtu akiisifu.

Nasema hasa habari za Uingereza, ambako kuunda gari nyumbani ni desturi ya miaka mingi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari dogo, jepesi, lisilo na paa la maana, likaitwa Seven. Wengi walilinunua likiwa vipande wakalifunga wenyewe, na sababu mojawapo ilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havikutozwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 VAT ilipoingia, na mwaka huo huo Lotus waliwaachia kampuni ya Caterham haki za kuendelea kuliunda. Ungedhani kodi ikiondoka na desturi ingeondoka nayo. Haikuondoka. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuunda gari la sura hiyo kwa pauni 250, akitumia fremu ya kuchomelea mwenyewe na viungo vya Ford Escort kuukuu, na watu ambao hawajawahi kushika mashine ya kuchomelea wakaingia gereji. Ninawaheshimu sana watu hao. Kuna furaha ya pekee katika kuendesha kitu ambacho kila nati yake umeikaza wewe.

Ila gari la namna hiyo hukusanywa kutoka kila upande. Injini ya gari hili, ekseli ya lile, usukani wa jingine. Tangi limechomelewa kwa bati la alumini ili litoshee nyuma ya viti. Geji imeokotwa kwenye soko la vifaa chakavu kwa sababu uso wake mweusi na namba zake nyeupe vilimpendeza mwenye gari. Kila kimoja ni kizima. Taabu ni kwamba kilicho ndani ya tangi na kilicho kwenye dashibodi havikuwahi kukutana kiwandani.

Ndani ya tangi kuna boya kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, boya hupanda na mkono huzunguka. Kwenye mzizi wa mkono huo kuna ulimi mdogo unaoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kipande bapa, na kila ulimi unaposogea, urefu wa waya ambao umeme unaupitia hubadilika, na ukinzani nao hubadilika. Basi. Geji iliyo mbele ya dereva haijui lolote kuhusu petroli; inachokijua ni omu, kipimo cha ukinzani huo. Geji nyingi za Kimarekani zinazouzwa madukani hutarajia omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likiwa limejaa. General Motors kwa miaka mingi walitumia 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. Za VDO ya Ujerumani, zile za kawaida, huanza 10 kwa tupu zikapanda hadi 180 kwa kujaa. Unganisha boya la ukoo mmoja na geji ya ukoo mwingine, na umewakutanisha wauza nafaka wawili wenye pishi za ukubwa tofauti: kila mmoja ni mwaminifu kwa pishi yake, na hesabu yao haitakaa ilingane.

Fundi mwenye haraka hununua geji mpya. Ikidanganya nayo, hununua boya jipya. Likidanganya nalo, humwambia mwenye gari kwamba magari haya ndivyo yalivyo. Fundi ninayemsifu hutoa mita kabla ya spana, na mahali pa kwanza anapopima si geji wala boya, ni njia ya umeme kurudi.

Gari la kiwandani lina bodi ya chuma, na bodi hiyo ndiyo ethi, yaani njia hiyo ya kurudi, ya karibu kila kitu. Gari la kuunda nyumbani mara nyingi lina bodi ya faibaglasi, ambayo haipitishi umeme hata chembe, na tangi lake limekalishwa juu ya mpira ili lisisuguane na fremu. Maana yake boya limetengwa na chesisi pande zote. Umeme umefika, umepita kwenye waya wa boya, kisha hauna pa kwenda isipokuwa mwenye gari awe amekumbuka kulifungia waya wake wa ethi. Wengine husahau. Wengine hukumbuka, wakaufunga waya juu ya rangi au juu ya kutu, na muungano huo mbaya ukaongeza omu zake juu ya omu za boya. Hapo ndipo ukoo wa geji unapoleta tofauti kubwa. Kwenye geji ambayo omu nyingi ni tangi tupu, ethi mbovu hushusha mshale, na dereva hupata hofu asiyoistahili. Kwenye geji ambayo omu nyingi ni tangi lililojaa, ethi mbovu hupandisha mshale, na dereva hupata amani ya uongo. Ugonjwa ni mmoja, ila dereva wa pili ndiye atakayelala njiani.

Kuna dalili nzuri ya ethi mbovu ambayo haihitaji hata mita: washa taa kubwa utazame mshale wa mafuta. Ukicheza taa zinapowaka, kuna mahali ambapo taa na boya vinagombania njia moja ya kurudi.

Dalili nyingine naipenda zaidi, kwa kuwa inamwokoa mtu asifungue tangi bure. Geji nyingi za Kiingereza za tangu miaka ya 1960, hasa za Smiths, hufanya kazi kwa joto: waya mdogo hupasha kipande cha metali mbili zilizoungana, kikapinda, na mshale ukasogea. Geji ya namna hiyo ni ya polepole, na upole huo ni faida, kwa sababu mafuta yakipigapiga ndani ya tangi mshale hautapatapi. Lakini hutegemea volti zisizobadilika, kwa hiyo kiwanda kiliweka nyuma ya dashibodi kidhibiti cha kuzishikilia kwenye wastani wa volti 10, na kidhibiti hicho hicho hulisha geji ya mafuta na ya joto la injini. Nacho kinahitaji ethi kupitia gamba lake. Kifunge kwenye dashibodi ya mbao, kama wanavyopenda waundaji wengi kwa ajili ya uzuri, na hakitadhibiti chochote; volti zote za betri zitapita moja kwa moja. Matokeo yake mafuta yataonekana mengi na injini itaonekana ya moto, kwa wakati mmoja. Ukiona geji mbili zimezidi pamoja, liache tangi, nenda nyuma ya dashibodi. Mtu aliyeielewa sentensi hiyo moja ameokoa siku nzima.

Nilipata kumtazama mzee mmoja wa Coventry, mstaafu wa kiwanda cha magari, akiifanya kazi hii kwenye gari lake mwenyewe. Kwanza alilisukuma gari nje ya gereji, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauondoki kwa kupanda juu, bali huteremka ukatanda sakafuni ukisubiri cheche. Akaondoa betri. Akanyonya mafuta yote kwa mpira hadi kwenye madumu yenye vifuniko, akayapeleka mbali. Ndipo akafungua skrubu za boya na kulivuta nje taratibu, akiuzungusha mkono wake ili upite kwenye tundu bila kupinda. Nimeueleza mpangilio huu wote kwa sababu wako wanaoanza na skrubu, na petroli haina subira na mtu wa namna hiyo.

Alipoliweka boya mezani alilitikisa kwanza karibu na sikio. Boya lenye tundu hunywa mafuta, likawa zito, likaelea chini ya lilipopaswa, na ukilitikisa utasikia maji maji ndani. La kwake lilikuwa kavu. Akabana nyaya za mita pande mbili, akaanza kuuinua mkono kwa kidole kimoja, polepole kiasi kwamba namba kwenye mita zilikuwa zikibadilika moja moja. 300 chini kabisa. 290. 281. Katikati namba ikaruka ghafla, ikapotea, ikarudi. Hakusema kitu. Aliurudisha mkono nyuma, akaupitisha tena palepale, ikaruka tena. Akachukua kitambaa laini na dawa ya kusafishia miunganiko ya umeme, akafuta ule waya uliozungushwa, akiufuata uelekeo wa ulimi asije akaukata, maana waya huo ni mwembamba sana. Kisha akarudia safari yote kuanzia chini. Safari hii namba zilishuka bila kuruka, zikaishia 33 juu kabisa. Akaandika namba mbili kwenye daftari: 300, 33.

Geji aliyokuwa nayo ilitaka 240 na 33. Kwa juu walikubaliana. Kwa chini walipishana kwa omu 60. Ndiyo maana mshale wake ulikuwa ukigusa E mafuta yakiwa bado yamo, na kwa muda mrefu alikuwa ameshajizoesha kuipuuza E na kuendelea na safari. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Geji inayolia mapema kupita kiasi humfundisha dereva kutoisikiliza, na siku ikilia kwa haki hakuna atakayeshtuka.

Dawa yake ilikuwa hesabu ya fizikia ya sekondari. Alizidisha 300 kwa 240, akagawanya kwa tofauti yao, 60. Jibu ni 1200. Risista ya omu 1200 ikifungwa sambamba na boya, zile 300 za chini hugeuka 240 kamili. Na za juu je? 33 ikiwa sambamba na 1200 hugeuka 32 na kidogo, badiliko ambalo mshale hauwezi kulionyesha. Tazama uzuri wake: upande uliokuwa na kosa umesahihishwa, na upande uliokuwa sawa haujaguswa. Omu 1200 ni saizi ya kawaida, ya robo wati inatosha, na bei yake haifiki hata ya soda. Aliilehemu kwenye waya nyuma ya dashibodi, mbali na tangi, akaifunika kwa mpira wa kubana kwa joto. Watu wamebadilisha geji nzima kwa tatizo ambalo lilikuwa linataka kipande hicho.

Si kila mara hesabu huwa na huruma hivyo. Boya likiwa na omu pungufu chini, risista hufungwa kwa mfuatano, na hiyo husogeza ncha zote mbili kwa pamoja. Ukitibu chini, umeumiza juu. Na kama boya na geji huenda kinyume, mmoja akipanda mwenzake akishuka, hakuna risista ya kuwapatanisha. Siku hizi vipo visanduku vya kielektroniki vya kukaa katikati yao: unakifundisha kwa kumimina mafuta kidogo kidogo, kila kipimo unakibonyeza kikariri, kisha kinatafsiri omu za boya kuwa omu ambazo geji inazielewa. Kuna waundaji wa zamani wanaoviona kuwa ni uvivu. Siafikiani nao. Kisanduku hakijui chochote ambacho mtu hakukipima kwanza. Kazi yenyewe imebaki palepale.

Baada ya risista, mzee alilirudisha boya, akaunganisha betri, na gari likiwa kwenye sakafu iliyosawazishwa, akaanza kumimina lita 5 baada ya lita 5. Kila alipomimina alisubiri, kwa sababu geji ya joto kama yake hufika kwa kuchelewa, halafu akaweka alama kwenye mchoro mdogo wa uso wa geji. Hapa ndipo umbo la tangi linapojitokeza kama mpinzani mpya. Boya hupima kimo, halipimi ujazo. Chukua tangi la lita 36 lenye umbo la kabari, likianza na ncha chini na kupanuka kwenda juu. Mafuta yakiwa nusu ya kimo chake si lita 18, ni 9 tu, kwa kuwa upana nao umepungua kwa nusu. Dereva wa gari lenye tangi la namna hiyo ataona nusu ya kwanza inadumu na nusu ya pili inayeyuka, atawalaumu wauza mafuta, na wauza mafuta hawamo kabisa katika jambo hilo. Ongeza na magari haya kwamba ni mafupi, yanakata kona kwa kasi, na mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi; kama boya limefungwa pembeni, kona ya kulia na kona ya kushoto zitasema mambo mawili. Ndiyo sababu ya kuchomelea vizuizi ndani ya tangi, na sababu ya kulikalisha boya katikati hata kama kulifunga pembeni ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo, kwa boya la kawaida na mshale wa kawaida, huwezi kuwa na ukweli kila mahali. Ukiisahihisha E na F, nusu itakosea. Ukiisahihisha nusu, ncha moja itakosea. Swali la fundi halihusu tena jinsi ya kulifukuza kosa, linahusu kosa likae upande gani. Nadhani huu ndio moyo wa kazi nzima, na ndio unaonifanya niiheshimu kiasi hiki. Mzee yule hakusita: alilitoa boya tena kwa mpangilio ule ule, akaupinda mkono wake kwa koleo, kidogo sana, ili mshale uguse E zikiwa zimebaki kama lita 5. Katikati akapaacha pakosee. Aliniambia kwamba mtu mwenye nusu tangi hana shida ya kujua kama ni nusu kweli, ila mwenye tangi linalokwisha anataka kuambiwa kweli na kuachiwa nafasi ya kufika.

Mawazo hayo hayo yameingia hata kwenye sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa juu ya spidomita inasema kasi inayoonyeshwa isiwe kamwe chini ya kasi halisi. Juu inaweza kuzidi, hadi sehemu ya kumi ya kasi halisi na kilomita 4 kwa saa juu yake. Walioiandika walijua hakuna spidomita kamili, wakaamua kosa lake liegemee wapi. Mwundaji wa gari la nyumbani hufanya uamuzi huo huo juu ya mafuta, peke yake, akiwa amepiga magoti nyuma ya tangi na koleo mkononi.

Nayaandika haya nikiwa na sababu iliyo karibu na kwetu. Dar es Salaam na Nairobi magari mengi hutembea na geji zilizokufa. Dereva husema weka ya elfu ishirini, akahesabu safari zake kichwani, akajua atarudi sheli saa ngapi. Dereva wa bodaboda hulitikisa tangi akasikiliza. Ni maarifa, siyadharau. Lakini yana gharama. Gari la petroli lenye pampu ndani ya tangi huitegemea petroli hiyo hiyo kuipoza pampu, na anayetembea siku zote na mafuta ya chini huiunguza. La dizeli likikauka huingiza hewa kwenye mipira, na kuitoa ni kazi ya kando ya barabara, juani, abiria wakilalamika. Na chanzo mara nyingi ni kile kile cha magari yale ya Uingereza: tangi limebadilishwa, au dashibodi imetoka gari jingine, au waya wa ethi umeliwa na kutu. Mafundi umeme wa magari wa Gerezani kule Dar, na wa Kirinyaga Road ambayo Nairobi wengi bado wanaiita Grogan, wanakutana na ndoa hizi za boya na geji zisizofahamiana. Kati yao wapo wanaopima na kukokotoa kama yule mzee, bila karatasi ya kiwanda, kwa gari ambalo hawajawahi kuliona. Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vikiitumia kazi hii kufundishia umeme, kwa sababu ndani yake mna ukinzani, volti, miunganiko sambamba na ya mfuatano, na jiometri ya tangi, vyote kwenye kitu kimoja ambacho mwanafunzi anaweza kukishika.

Nawe msomaji, kama gari lako lina geji uliyokwisha kuikatia tamaa, usianze kwa kuibadilisha. Mwombe fundi alifungie boya waya mpya wa ethi mpaka kwenye chuma kilichosuguliwa rangi, kisha apime omu tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, na akuandikie namba hizo mbili. Ukimpata anayetoa mita kabla ya spana, mlipe anachodai, na usimpunje.